Ligi isiyo na marudiano: Januari na Februari zangu ni za NESCAC

Ikishafika Januari washkaji wananipigia simu, vipi leo unaangalia Lakers au Celtics, na mi nawajibu siangalii yoyote, leo ligi inaanza. Wananyamaza kidogo alafu wanauliza ligi ipi. Ni NESCAC, ligi ya kikapu ya vyuo vidogo vya huku Marekani. Basi nimeona niandike kabisa ili nikiulizwa tena nitume link, maana nikianza kuongea kwa simu siwezi kufupisha.

Ninaishi Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa mwa Marekani, karibu na Canada. Mji mdogo wa viwanda vya zamani, mto Androscoggin unapita pembeni, kati yetu na mji wa Auburn, na usishangae ukisikia Kiswahili mtaani kwa sababu hapa kuna Wasomali wengi waliokaa miaka Dadaab na Kakuma kabla ya kuja, alafu kuna Wakongomani na Warundi, kwa hiyo dukani pale Lisbon Street unaweza ukanunua mchele na kusalimiana vizuri tu bila Kiingereza. Na katikati ya huu mji kuna chuo kinaitwa Bates, cha mwaka 1855, kilianzishwa na watu waliokuwa wanapinga utumwa, na Benjamin Mays, yule mzee aliyemlea kifikra Martin Luther King, alimaliza hapo 1920. Chuo kina wanafunzi wasiofika elfu mbili. Na kina timu ya kikapu.

Bates wako kwenye hii NESCAC, muungano ulioanza 1971 na sasa una vyuo 11. Amherst, Williams na Tufts viko Massachusetts, Trinity, Wesleyan na Connecticut College viko jimbo la Connecticut, Middlebury iko Vermont, Hamilton iko New York lakini sio ile New York ya maghorofa, iko ndani huko mashambani, na Maine tuna vitatu, Bates, Bowdoin na Colby. Wako daraja la tatu la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Mtu wa nyumbani akisikia daraja la tatu anadhani wameshuka, hapana, huku hakuna kushuka wala kupanda, daraja ni namna chuo kilivyoamua kuendesha michezo yake. Daraja la tatu maana yake hakuna skolashipu ya michezo, hata nusu. Kijana anayefunga pointi 25 na kijana anayekaa benchi msimu mzima wote wamo humo kwa matokeo yao ya darasani, na msaada wa ada kwa sehemu kubwa unapimwa kwa hali ya familia, na hivi vyuo kwa mwaka ni zaidi ya dola 80,000 kwa anayelipa kamili. Kwa hiyo hakuna mtu analipwa kuruka pale. Jumapili jioni utamkuta yuko maktaba.

Sasa kitu kilichonishika kwenye hii ligi ni ratiba. Timu 11, kila timu inacheza mechi 10 za ligi, yani kila mpinzani mnakutana mara moja. Basi. Hakuna mzunguko wa pili. Fikiria Ligi Kuu yetu isiwe na marudiano, Simba akifungwa na Yanga mwezi wa kwanza hana pa kulipia mpaka mwakani, na mwakani nusu ya kikosi kimeshaondoka maana hawa ni wanafunzi, miaka minne mtu anahitimu. Mechi tano nyumbani, tano ugenini, na mwaka unaofuata vinageuzwa. Kwa hiyo kijana anaweza kucheza miaka minne akaenda ukumbi wa Middlebury mara mbili tu maishani mwake kwa mechi ya ligi. Mara mbili! Ukishalijua hilo unaanza kuangalia kila mechi tofauti, hata ile ya timu ya tisa na ya kumi.

Mi nimekulia Dar, kikapu nimekijulia Don Bosco Upanga, pale unasimama pembeni ya uwanja jasho la wachezaji linakurukia, na nadhani ndo maana NBA haijawahi kunishika sana, nimezoea mpira wa karibu. Ukumbi wa Bates unaitwa Alumni Gymnasium, jengo la miaka ya 1920, dogo, watazamaji wako juu ya mstari kabisa, mchezaji akitaka kurusha mpira kuuingiza pembeni magoti ya mwanafunzi aliyekaa mbele yanakuwa mgongoni kwake. Wakijaa, kelele zinagonga ukuta na kurudi. Kiingilio mechi za msimu hakuna. Unaingia unakung'uta theluji kwenye viatu, unavua makoti mawili, unakaa. Wazee wa mji wana viti vyao na wanakujua, kuna mzee mmoja huwa ananiuliza kila mara kule kwenu mnakaba zoni, yani kila mtu na eneo lake, au mtu kwa mtu, na tunaanzia hapo mpaka mapumziko.

Wengi mnaoangalia kikapu cha nyumbani mmezoea sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, robo nne, ikifika faulo ya tano ya timu kwenye robo mtu anarusha mbili. Wanaume wa vyuo Marekani bado wanacheza vipindi viwili vya dakika 20, na faulo ya saba, ya nane na ya tisa za timu kwenye kipindi zinatoa kitu kinaitwa moja na moja: unarusha ya kwanza, ukipata ndo unapewa ya pili, ukikosa mpira uko hai, watu wanagombea ribaundi. Ikifika faulo ya kumi ndo mnapewa mbili bila masharti. Hii sheria inabadilisha kabisa dakika mbili za mwisho. Kocha mwenye akili anahesabu faulo za mwenzake kama anavyohesabu pointi, na kuna timu itakufanyia faulo makusudi ikiwa bado iko kwenye ya saba, inamchagua yule mrushaji wako mbovu, kwa sababu anaweza akakosa ya kwanza na mkaondoka na sifuri.

Niliona hii kwa karibu Februari moja, sitataja timu. Wageni wako nyuma kwa pointi mbili, sekunde zimebaki chache, gadi wao anaingia kati anafanyiwa faulo, ubao unaonyesha ni ya saba. Moja na moja. Kijana wa mwaka wa kwanza, ana uso wa mtoto. Nilikuwa nimekaa upande wa goli lile lile. Akadunda mpira mara tatu, akaushika, akaacha, akaudunda tena. Wanafunzi wa nyumbani wanapiga miguu kwenye mbao mpaka benchi nililokaa linatetemeka. Akarusha, ukapiga chuma cha nyuma, ukatoka mrefu, wa nyumbani wakaudaka na mechi ikaisha hapo hapo. Lile nililokuja kulikumbuka zaidi ni mchezaji wao wa mwaka wa nne, mrefu, amefungwa barafu kwenye goti, alitoka benchi akamfuata yule dogo akamshika kichwa kwa mikono miwili akamsemesha kitu, muda mrefu, wakati wengine wanapeana mikono na wapinzani. Mechi moja ya Jumamosi, sio fainali ya kitu chochote. Lakini wiki kadhaa baadaye zile timu mbili zikamaliza sawa kwenye msimamo, na wakilingana kinachoangaliwa kwanza ni nani alimfunga nani walipokutana, na walikutana mara moja tu, kwa hiyo wenyeji wa siku ile wakawa juu, wakapata kucheza robo fainali ya mtoano wa ligi nyumbani, na wale wengine wakapanda basi. Yani ile chuma cha nyuma.

Hapo ndo utamu wa ligi ya mzunguko mmoja ulipo. Kwenye ligi ya nyumbani na ugenini mkilingana mnaanza kujumlisha tofauti za magoli mpaka kichwa kinauma. Hapa mtu anakuuliza kwa nini wewe uko wa tatu na mimi wa nne, jibu ni tarehe moja. Inakuwa ngumu wakilingana watatu, A kamfunga B, B kamfunga C, C kamfunga A, hapo mnaingia kwenye matokeo dhidi ya vinara na mambo mengine, na wikendi ya mwisho mi huwa nakaa na karatasi na kalamu, nina mechi moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye simu na ya tatu nafuata takwimu tu zinavyobadilika, mke wangu anajua Jumamosi hiyo asinipe kazi ya kuangalia kitu jikoni, maana nitakuwa nahesabu kwamba Colby akishinda na Wesleyan akipoteza basi Bates anapanda lakini Hamilton naye akishinda wote tunarudi tulipokuwa, na saa mbili baadaye kila kitu kimejipanga na hakuna hata moja niliyotabiri.

Na kupanda basi sio maneno tu. Wikendi za ligi zinakuwa mbili mbili, Ijumaa usiku na Jumamosi mchana. Timu ya mbali ikija Maine, Ijumaa inaweza kucheza na Colby kule Waterville, inalala, Jumamosi inashuka Brunswick kucheza na Bowdoin. Kwa hiyo kocha ana masaa machache kuwaandaa vijana kwa mfumo mwingine kabisa, miguu bado mizito. Kutoka hapa Lewiston kwenda Hamilton ni masaa kama sita barabarani bila theluji. Ijumaa! Wana vipindi darasani, wanafanya mitihani kwenye basi au wanaomba ruhusa kwa profesa. Mi naamini mechi ya Jumamosi ndo inakupa ukweli wa timu. Ijumaa kila mtu ana nguvu, Jumamosi kipindi cha pili unaona nani ana benchi la watu tisa na nani ana watu watano na matumaini. Ukitaka kujua bingwa atakuwa nani usiangalie nani alimfunga nani Ijumaa, angalia nani anashinda Jumamosi ugenini.

Kuna jambo la hapa Maine ambalo inabidi nilieleze kidogo. Bates, Bowdoin na Colby ni majirani, Brunswick ni kama kilomita 30 kutoka hapa, Waterville kama 80. Hawa watatu wamezoea kukutana mara mbili kwa msimu, lakini mechi moja tu ndo inahesabika kwenye ligi, nyingine ni ya nje ya ligi. Watu wale wale, ukumbi umejaa vile vile, kelele zile zile, na moja ya hizo haiongezi kitu kwenye msimamo. Na bado wanauana! Nimeona mtu anajitupa sakafuni kufuata mpira unaotoka nje kwenye mechi isiyohesabika, anaamka na damu kwenye kiwiko. Amherst, Williams na Wesleyan nao wana utaratibu kama huo kati yao, wanajiita Little Three, na Amherst na Williams ni ugomvi wa tangu 1821 pale rais wa Williams mwenyewe alipoondoka kwenda kuongoza Amherst iliyokuwa ndo inaanzishwa. Miaka mia mbili watu hawajasahau. Mi nawaelewa kabisa, mtu wa Kariakoo ataelewa pia.

Swali ninaloulizwa sana na vijana wa nyumbani: sasa hao watafika NBA? Wengi kabisa hapana, na wanajua. Sisi tumemzoea Hasheem Thabeet, alitoka Dar akapita chuo kikuu cha Connecticut (UConn, sio Connecticut College ya ligi hii) akachukuliwa namba mbili na Memphis mwaka 2009, basi tunadhani chuo ni njia ya kwenda kule tu. Huku mtu anaenda kuwa daktari, mhandisi, mwalimu. Lakini yupo mmoja lazima nimtaje, Duncan Robinson. Msimu wa 2013-14 alikuwa mwaka wa kwanza pale Williams, kwenye hii hii ligi. Mwaka ule Williams walifika nusu fainali ya taifa kule Salem, Virginia, na waliyekutana naye nusu fainali ni Amherst, wenzao wa ligi, wakawafunga 98 kwa 69. Fainali wakakosa kwa kikapu kimoja, 75 kwa 73, wakafungwa na Wisconsin-Whitewater sekunde ya mwisho kabisa. Baadaye Robinson akahamia Michigan, hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, akaingia Miami Heat kwa mlango wa nyuma, akacheza fainali za NBA 2020 na tena 2023, na mwaka 2021 akasaini mkataba wa dola milioni 90 kwa miaka mitano. Kila gadi wa NESCAC anayerusha pointi tatu usiku peke yake kwenye ukumbi anamjua huyo mtu. Lakini mi nasema ukiifuata hii ligi kwa ajili ya kumtafuta Robinson mwingine utachoka haraka na utakosa vitu vizuri vilivyo mbele yako, kwa mfano yule fowadi mfupi anayekaba mtu aliyemzidi kichwa kizima kwa kutumia nyonga tu, au pointi gadi ambaye hafungi kabisa lakini timu ikimtoa inaanguka ndani ya dakika mbili.

Kuhusu Machi, mwezi wa mashindano ya taifa, niseme machache. Bingwa wa mtoano wa NESCAC anaingia moja kwa moja mashindano ya taifa ya timu 64, robo fainali inachezwa kwa aliye juu kwenye msimamo, nusu fainali na fainali wanakwenda kwa yule wa juu kuliko wote aliyebaki. Wengine wanasubiri nafasi za ziada, na tangu msimu wa 2024-25 hizo zinatolewa kwa hesabu ya kompyuta inayoitwa NPI badala ya wazee kukaa mezani kubishana. Ligi hii imetoa mabingwa wa taifa kweli: Williams 2003, Amherst 2007 na 2013, Trinity 2025 walipowafunga New York University (NYU) kule Fort Wayne. Na inavutia zaidi ukikumbuka kwamba hivi vyuo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90 havikuruhusu timu zao kwenda mashindano ya taifa kabisa, waliona yanakula muda wa masomo, milango ikafunguliwa msimu wa 1993-94. Kwa hiyo kuna vizazi vya wachezaji hapa ambao mwisho wa dunia yao ulikuwa ni huyu jirani hapa, kumfunga Bowdoin, kumfunga Colby, basi.

Na mi bado nadhani wale walikuwa wameona kitu. Kwa timu nyingi kati ya hizi 11, ligi ndo kila kitu mpaka leo. Timu chache zitaenda Machi, zilizobaki zina mechi zao kumi za ligi tu. Watangazaji wanapenda kusema msimu wa kawaida ni maandalizi ya Machi, sikubaliani kabisa. Kijana wa mwaka wa nne kwenye timu ya nane hajiandai kwa lolote, anacheza ligi. Wikendi ya mwisho nyumbani wanawaita wa mwaka wa nne katikati ya uwanja na wazazi wao, wanapewa maua na fremu ya picha, alafu kocha anawaanzisha wote hata yule ambaye hajaanza mechi hata moja, na huyo akifunga kikapu cha kwanza benchi zima linaruka kama wamechukua kombe. Mama mmoja wa Kikongo ninayemjua hapa, mwanae yuko sekondari na anapenda kikapu, nilimpeleka siku hiyo. Aliuliza mara mbili, hawa kweli hawalipwi? Nikamwambia hawalipwi mama. Akasema basi huyo mwanangu aongeze bidii kwenye hesabu, maana njia ya kuingia hapa ni hesabu. Nadhani ameelewa hii ligi kuliko wachambuzi wengi.

Kwa mlioko nyumbani mnaotaka kujaribu, mechi zinaonyeshwa laivu kwenye tovuti za vyuo vyenyewe. Majira haya tumepishana masaa nane. Mechi ya Ijumaa saa moja jioni ya huku ni saa tisa usiku kwenu, hiyo achana nayo uamke asubuhi usome takwimu. Lakini ya Jumamosi saa tisa mchana ni saa tano usiku Dar na Nairobi, mda mzuri kabisa, bando lako likiruhusu. Anza na timu moja tu, usijaribu zote 11. Fungua ratiba yake uangalie kwanza mwaka huu nani wanamfuata ugenini na nani wanampokea, hapo utajua msimu wake kabla hata mpira haujarushwa. Bates wakiwa nyumbani na Bowdoin, ile inayohesabika, nitaandika hapa siku mbili kabla, na nitakuwa upande wa goli la kushoto ukiangalia kwenye kamera.